Kikundi chetu kina milioni 4, tunataka kusaidia watoto waliokimbia vita. Tuanzie wapi?

Mtoto_wa_Arua

Habari zenu wote humu. Mi kwetu Arua ila natafutia Kampala, niko kwenye kikundi cha akiba hapa karibu na soko la Owino, wengi tunauza mitumba, kuna wa boda, mafundi cherehani, na mwalimu mmoja wa primary ambaye ndo sekretari wetu. Mwaka jana wakati wa kuvunja sanduku tukakubaliana pesa za faini, zile za kuchelewa kikao na kupokea simu ovyo, tusigawane, ziende kwa watoto wa wakimbizi. Watu wakaongezea kidogo kidogo sasa iko kama shilingi milioni 4.

Sababu si siri. Sisi wa West Nile, yaani upande wa Arua, ukimbizi tunaujua, Amin alipoanguka 1979 wazee wetu walikimbilia Zaire na Sudan wakakaa huko miaka, kuna wenzetu kwenye kikundi wamezaliwa huko huko, na waliowapokea walikuwa watu maskini tu kama wao. Leo watoto wa watu hao wako kwetu, kwenye makazi ya wakimbizi ya Bidi Bidi, Rhino Camp, Imvepi, sasa tukae kimya kweli?

Shida ni kikundi kimegawanyika. Nusu wanataka tujenge nyumba ya watoto yatima upande wa Imvepi, kuna mzee mmoja anasema kiwanja atatoa bure. Wengine wanasema hapana, tununue nguo, biskuti na soda, tukodi matatu twende Pasaka, tupige picha tuweke kwenye grupu ili mwaka kesho watu wachange zaidi. Mwalimu yeye anasema shule tu. Alafu kuna mama mmoja anataka tukifika tukae na watoto watueleze waliyoyaona huko vitani, ati wakisema wanapona. Mi hapo roho ilisita lakini sikuwa na la kujibu.

Naombeni mwenye kujua atuambie, maana kikao kijacho naona watu watapigana.

MamaGulu

Mwanangu, kwanza asanteni kwa hayo mawazo. Kiswahili changu ni cha barracks ya Jinja nilikokulia mtanisamehe. Mimi nilifanya kazi ya mlezi kwenye kituo kimoja Gulu kilichokuwa kinapokea watoto waliotoroka kwa Kony, yule kiongozi wa waasi wa LRA waliokuwa wanateka watoto, kwa hiyo nitasema ninachokijua.

Hiyo nyumba ya yatima iacheni. Sikilizeni, wakati ule UNICEF walikuwa wanakadiria watoto waliotekwa ni kama 25,000, na vituo vilikuwepo, GUSCO ilianza 1994, World Vision wakafungua chao mwaka uliofuata, baadaye kukawa na kile cha Rachele kule Lira. Na hivyo vyote havikuwa nyumba za kulea mtoto mpaka aoe. Mtoto alikuwa anafika, anatibiwa vidonda, anakaa wiki kadhaa au miezi, huku watu wanazunguka vijijini na kambini kutafuta mama yake, shangazi, bibi, yeyote, alafu anapelekwa nyumbani. Nyumbani ndo lilikuwa lengo. Kituo ni cha kupitia. Sasa nyie mtajenga kwa milioni 4, mabati yataisha kabla ya ukuta, na hata ukiisha, nani atalipa mlezi wa usiku? nani ataleta posho, yaani ugali, mwezi wa nane? Mtoto akishazoea hapo na pesa ikakata anarudi wapi, na huko kwa ndugu walishasema huyu ana wazungu wake.

Kuhusu kuwauliza watoto waeleze, hapana hapana. Huyo mama ana huruma lakini hapana. Mtoto anasema siku anayotaka yeye, kwa mtu anayemuamini, na mtu huyo lazima awepo na kesho. Nyie mnakuja Jumamosi mnafungua kidonda Jumapili mko kwenye basi la Kampala, usiku ule nani atakaa naye akianza kupiga kelele? Sisi tulikuwa na wasichana wanaficha kipande cha posho chini ya godoro kila siku, wengine hawalali kitandani, wanalala sakafuni karibu na mlango na viatu viko miguuni. Hatukuwauliza kwa nini. Tulikuwa tunawapa kazi, kupepeta mchele, kuchota maji, kucheza netiboli, kushona, jioni ngoma. Kuna mmoja alianza kusema yote siku tunachambua maharage, hakuna aliyemuuliza kitu, na akinyamaza tunaendelea na maharage.

Na mkienda msiende na sauti kubwa na buti. Nawaambia kwa sababu nimeona mtoto anakimbilia choo akisikia mwanaume anaongea Kiswahili kwa nguvu getini, kwake hiyo ilikuwa sauti ya askari.

Boda_Smart

Mimi nasema kinyume kidogo mnisamehe. Pelekeni soda na nguo mpe watoto mkononi mwao muondoke. Hizo habari za kupitia kwa shirika mi nimezichoka, nimewahi kuendesha watu wa mradi fulani, milioni 4 yenu kwao ni mafuta ya lendikruza na semina hotelini, mtoto anafika kwenye ripoti tu. Mkimpa mtoto shati amevaa shati basi, hakuna wa kula hapo katikati.

Mshi_wa_Nakivale

Ndugu @Boda_Smart nakuheshimu lakini mimi niko ndani ya settlement ya wakimbizi, Nakivale huku Isingiro, nilitoka Masisi, Kivu ya Kaskazini. Hiyo soda tunaijua sana. Gari inakuja, wanaita watoto, watoto wanapanga mstari kwenye jua kuanzia asubuhi, soda ni 100 watoto ni 400, wakubwa wanasukuma wadogo, kuna anayepata mbili na kuna anayelia. Wenye gari wanapiga picha ya yule aliye mchafu kabisa, yule mama yake alimuogesha hawamtaki. Jioni soda imeisha na shida iko pale pale. Shati nayo, jirani hakupata, kesho watoto wanagombana na wazazi wao wanagombana.

Niwaambie mambo yako namna gani sasa hivi ndo mtajua pa kuweka hela. Uganda ina wakimbizi zaidi ya milioni 1.8, hakuna nchi nyingine Afrika yenye wengi hivyo. Chakula cha WFP, lile shirika la chakula la UN, walianza kutugawa kwenye makundi 2023, wa kundi la kwanza walikuwa wanapata asilimia 60 ya mgao, wa pili 30, wa tatu hawapati kitu, alafu 2025 pesa za wafadhili zilipokatika watu kama milioni nzima wakatolewa kwenye chakula. Milioni moja! Sasa watoto waliokuja peke yao, ambao wazazi wamekufa au wamepotezana barabarani wakati wa kukimbia, wengi hawako kwenye nyumba ya yatima. Wako kwa majirani. Mama mmoja hapa kwetu ana wake wanne na amechukua wawili aliokutana nao Bunagana, hawajuani hata kabila, walivuka mpaka pamoja basi wakawa wake. Chakula kilipokatwa huyo mama ndo anaanza kufikiria mtoto gani aende kufanya kazi kwa watu. Hapo ndo mtoto anapotea mara ya pili.

Kwa hiyo mkiniuliza mimi, msaidieni yule mama. Msimpe mtoto mmoja shati, mpeni mama mbuzi wawili, au mtaji wa kukaanga mandazi, au jembe na mbegu na pesa ya kukodi kashamba ka wenyeji. Hapo mtoto wa kuzaa na mtoto wa kuokota wanakula sufuria moja.

Kitu kingine, watu wanadhani kila mtoto aliye peke yake ni yatima. Si kweli. Msalaba Mwekundu wako na kazi yao ya kutafuta ndugu, wanakuja na simu wanakupigisha bure, na wanabeba barua ya wazi mpaka ng'ambo ya mpaka. Hapa block yetu kijana alikaa miaka anajua mama amekufa, mama alikuwa Rwamwanja, ni hapa hapa Uganda, basi ya siku moja tu! Ungekuwa umeshamuweka kwenye nyumba ya yatima na kibao nje na jina la mfadhili ingekuwaje.

Boda_Smart

Sawa hiyo ya mbuzi nimeielewa. Ila bado sijaona nani atahakikisha mbuzi hauzwi wiki hiyo hiyo.

Mshi_wa_Nakivale

Akiuza kwa sababu mtoto ana malaria si ameuza vizuri? Mbuzi ni benki. Hata wewe boda yako ukifiwa utaiweka rehani.

Wakili_Mdogo

Naingia upande wa sheria kwa kifupi maana naona hakuna aliyegusa. Ndugu Mtoto_wa_Arua, nyumba ya watoto huwezi kufungua kwa sababu mzee ametoa kiwanja. Sheria ya Watoto ya Uganda, iliyorekebishwa 2016, inataka kituo chochote kinacholaza watoto kiwe kimekaguliwa na kupewa kibali, na mtoto haingii pale bila afisa wa probesheni wa wilaya na amri ya mahakama. Msimamo wa serikali ni kwamba familia kwanza, ndugu, kisha mlezi wa kambo anayejulikana, kituo ni mwisho kabisa. Vituo vingi vilijengwa kwa huruma tu na vikafungwa, na watoto wengi waliokutwa ndani walikuwa na mzazi hai.

Kwenye settlement kuna ofisi ya OPM, yaani ofisi ya Waziri Mkuu, ndo wenye mji. Mkienda bila barua mtarudishwa getini na nyie si wa kwanza. Andikeni barua ya ukurasa mmoja, nyie ni nani, mnaleta nini, lini, kwa nani. Kamanda wa settlement akishaikubali mnaenda kwa mwenyekiti wa wakimbizi wa block husika, wanamwita RWC, anafanana na LC yetu, mwenyekiti wa kijiji. Huyo anajua kila nyumba iliyopokea mtoto asiye wake. Na mwombeni orodha yenu iwe na wenyeji pia, utaratibu wa Uganda tangu zamani ni kwamba msaada ukija theluthi hivi iende kwa raia wanaoishi pale jirani, maana ardhi ni yao na shule ni moja.

Picha za watoto msiweke kwenye grupu. Sura ya mtoto aliyekimbia watu wenye bunduki haitakiwi kutembea kwenye simu za watu, hujui aliyemtafuta yuko grupu gani. Pigeni picha mbuzi.

Mtoto_wa_Arua

Mmenifungua macho kwa kweli. Nyumba ya yatima nadhani nitaweza kuizima, ya picha itakuwa ngumu lakini nitapambana, hiyo ya kupiga picha mbuzi nimecheka peke yangu kwenye kibanda wateja wananiangalia.

Sasa swali lingine, na hili ni langu binafsi. Huku Imvepi wengi ni watoto wa South Sudan, na tunasikia baadhi ya hao vijana wakubwa walishika bunduki huko kwao kabla ya kuvuka. Kuna mwenzetu amesema waziwazi kwamba pesa yake isiende kwa aliyeua watu. Nimjibu nini? Na je mtoto wa namna hiyo akipelekwa shule na wengine hakuna hatari?

Boda_Smart

Huyo mwenzenu mi niko naye. Kuna waliopoteza wazazi mikononi mwa hao vijana na wako block moja. Kwa nini asisaidiwe kwanza aliyeumizwa?

MamaGulu

Hili nilijua litakuja, hata Gulu lilikuja. Tulitukanwa sana, watu walisimama nje ya uzio wanasema mnawalisha wauaji, na waliosema hivyo walikuwa wamechomewa nyumba kweli, si kwamba walikuwa wabaya.

Lakini angalieni Aboke. Oktoba 1996 waasi wa Kony waliingia shule ya St. Mary's wakachukua wasichana 139 usiku mmoja. Sister Rachele, mtawa wa pale shuleni, akawafuata porini kwa miguu na mwalimu mmoja, akarudi na 109, wakabakizwa 30. Sasa ile 30 waliokaa huko miaka, kuna waliopewa wanaume kwa nguvu, kuna waliofundishwa bunduki, utaniambia nani mwenye kosa na nani mwenye kidonda? Mstari uko wapi? Wazazi wao na wengine wa Lira wakaanzisha Concerned Parents Association, mmoja wao ni mama Angelina Atyam, Kony alitaka kumrudishia binti yake peke yake ili anyamaze, akakataa, akasema watoto wote ni wangu. Binti akakaa huko mpaka 2004 alipotoroka. Mimi huyo mama simfikii, sijui mngefanya nini nyie, mimi ningechukua wangu.

Na Ongwen, yule kamanda wa Kony, naye alitekwa akiwa mtoto njiani kwenda shule. Alipokuwa mkubwa alifanya aliyofanya, ICC, ile mahakama ya kimataifa, wakamfunga miaka 25 mwaka 2021, sawa, alikuwa mtu mzima. Lakini siku ile anatekwa alikuwa mtoto wa shule tu. Watoto ninaowaongelea mimi walikuwa bado wako kwenye siku ile.

Sasa namna ya kufanya, maana maneno peke yake hayasaidii. Kwanza msiwatenge. Mkitoa cherehani kwa waliokuwa jeshini peke yao mmeshawapiga chapa na mmewapa wengine wivu. Sisi tulijifunza kuweka kwenye kundi moja wa aina zote, aliyetekwa, aliyefiwa, na mtoto wa kijijini ambaye shida yake ni umaskini tu, na hakuna anayetangaza nani ni nani. Pili, wazee wa kwao wahusishwe. Kwetu Acholi mtoto akirudi anakanyaga yai, wanaweka yai mbichi juu ya tawi la opobo pale njia inapoingia uani na ule mti wa kufungulia ghala wamelaza hapo, anakanyaga yai linapasuka anaingia, bibi anapiga vigelegele. Nimeona mvulana mkubwa kabisa ambaye hakuwahi kulia kituoni analia na uteute wa yai kwenye vidole. Haikumaliza kila kitu, walokole wengine hawakuitaka wakaombewa kanisani, sawa tu. Lakini kijiji kilikuwa kimesimama pale kikaona, na mtu akimtukana kesho wazee wana la kumjibu.

Na wale wasichana waliorudi na watoto mgongoni, hao watoto sasa ni watu wazima, na mpaka leo wanahangaika, kwetu shamba linafuata ukoo wa baba, baba ni nani, wa wapi? Majina ya porini yalikuwa ya uongo. Mahakama imeagiza fidia ya yuro zaidi ya milioni 52 kwa walioumizwa na Ongwen, kila mtu yuro 750, na watoto hao wamo, lakini Ongwen hana kitu, pesa inatafutwa kwa wafadhili. Ndo maana nawaambia mtoto wa vita haishi siku soda inaisha, mfikirie miaka ishirini mbele.

Ticha_Yumbe

Mi nafundisha primary ndani ya Bidi Bidi, nimesoma yote nikaona nichangie la shule kwa ajili ya mwalimu wenu.

Darasa langu lina watoto zaidi ya mia. Hiyo si kulalamika ni hali. Shida kubwa si ada, UPE, yaani primary ya serikali, haina ada, shida ni madaftari, sare, pesa ya chakula cha mchana, na kwa wasichana pedi, hapo ndo wanaanza kukosa siku tatu nne kila mwezi mpaka wanaacha. Alafu umri. Mtoto amekimbia amekaa miaka bila shule, ana 14, anawekwa P2, darasa la pili, na wa miaka 7, magoti hayaingii chini ya dawati, wanamcheka, wiki ya pili hayupo. Wa Kongo wao walianza na Kifaransa, wa Sudan wanaongea Kiarabu cha Juba, wote wanashushwa madarasa kwa sababu ya Kiingereza.

Kwa hao kuna madarasa ya AEP, yaani ya kuharakisha, primary ya miaka saba wanaifanya kwa mitatu, ni ya umri wa 10 mpaka 18, na humo ndani kuna waliokuwa na bunduki na kuna wasichana wenye watoto wachanga, tena mtoto mchanga analetwa darasani, na hatujapata vita yoyote zaidi ya kugombania kalamu. Yule wa kuogopa hatari mwambieni aje akae nyuma darasani siku moja.

Na nyie mna kitu ambacho hamjakiona. Kama nyie ni watu wa West Nile basi kuna Wakakwa kwenye kikundi, si ndio? Watoto wa Yei, kule South Sudan, wanaongea Kikakwa. Mashirika yanatafuta mtu anayejua hiyo lugha na hayapati wa kutosha. Mafundi cherehani wenu wawili wakija likizo ya shule wakafundisha wasichana kushona pedi za kufua kwa mabaki ya mitumba yenu, kwa Kikakwa, hiyo inazidi hizo milioni 4.

Mtoto_wa_Arua

Ticha Mungu akubariki, mafundi wote wawili ni Wakakwa wa Koboko! Mmoja nimemsomea hapa hapa kibandani ameshaanza kuuliza flaneli nzito inapatikana kwa nani.

Kwa hiyo kwenye kikao nitapeleka hivi: sehemu kubwa kwa nyumba zilizochukua watoto wasio wao, za wakimbizi na za wenyeji, RWC na LC watupe majina, wao wachague mbuzi au mtaji. Inayobaki vitambaa na madaftari. Soda hakuna. Yule mwenzetu wa kukataa wenye bunduki nitamwambia aje na sisi, akigoma pesa yake ni ya madaftari, asiwe na neno. Ticha, mwalimu wetu anauliza alete vitabu vya darasa la ngapi?

Ticha_Yumbe

Kiingereza cha P1 mpaka P3, hata kwa wakubwa. Msilete vya P6, vimejaa store. Na barua ya OPM wahini, huwa inakaa mezani muda, tena mje likizo ya Agosti maana ya Desemba watu wengi wako mashambani.

MamaGulu

Flaneli muwe mmeifua kabla ya kukata, inasinyaa.